Taa ya nje katika ukungu wa Magamba

Magamba hailowi kwa mvua peke yake. Kijiji kiko juu ya mji wa Lushoto, ukingoni mwa msitu wa hifadhi, na zipo asubuhi ambazo hakuna tone lililonyesha lakini mabati yanachuruzika, ukuta umetoa jasho na kamba ya kuanikia nguo imejaa matone. Fundi akifunga taa ya nje hapa kama anavyoifunga Korogwe, kule bondeni, jioni ya kwanza itapendeza. Kasoro zitajitokeza baadaye.

Chanzo kimo ndani ya taa yenyewe. Ikiwashwa, hewa iliyomo hupata joto, hutanuka na kujipenyeza nje. Ikizimwa alfajiri, hewa hupoa na kunywea, na taa huvuta pumzi: ukungu huingia kupitia tundu la waya au mpira uliochakaa, kisha hugeuka maji kwenye kioo baridi. Siku moja haina neno. Lakini mchezo huo ukirudiwa kila usiku, chini ya holda kunatuama maji, skrubu za shaba zinaota ukijani, na umeme unapata njia ya kupita pasipotakiwa.

Ndiyo maana alama ya IP kwenye boksi la taa isomwe kabla ya bei. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji: 4 inastahimili marasharasha ya kila upande, 5 inastahimili maji yanayorushwa kwa mpira. Kwa ukuta usio na kibaraza, IP65 ndiyo ya kuchagua. Hata hivyo alama hiyo hufa pale fundi anapotoboa tundu kwa juu. Waya uingie kwa chini, upite kwenye glandi iliyokazwa, na kabla ya kuingia uachiwe mkunjo unaoning'inia, ili tone linaloteleza juu ya waya lidondokee pale. Solatepu si kinga nje ya nyumba. Gundi yake huachia na maji hubaki chini yake.

Kosa kubwa zaidi haliko ukutani bali kwenye boksi la breka. Wenye nyumba wengi huamini kwamba breka inamlinda mtu. Breka ya ampea 10 inalinda waya usiungue. Hesabu yake ni fupi: mtu mwenye mikono iliyolowa, amesimama peku kwenye udongo wa majimaji, anaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Volti 230 zikigawanywa kwa 1,000 zinatoa ampea 0.23. Kwa breka hiyo, mkondo huo ni mdogo mno, haishtuki kabisa. Kwa moyo wa binadamu, unatosha kuua.

Kinachomlinda mtu ni RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna unaovujia kwingine, na kifaa hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California aliyechunguza kwa miaka mingi namna umeme unavyomdhuru mtu, alibuni kifaa cha aina hii mwaka 1961. Kanuni za Marekani zilipoanza kukidai, zilianzia kwenye taa za ndani ya mabwawa ya kuogelea mwaka 1968, zikafuata soketi za nje mwaka 1973. Jikoni kulisubiri hadi 1987. Mpangilio huo una mantiki: penye maji na ardhi tupu ndipo penye hatari ya kwanza.

RCD haiondoi haja ya ethi, waya unaoupeleka umeme uliovuja hadi kwenye rodi iliyopigiliwa ardhini. Kwenye miteremko ya Usambara jembe hugonga mwamba mapema, na rodi iliyoishia juu ya jiwe ni pambo tu. Ubora wa ethi hupimwa kwa mita, haukisiwi kwa macho, na ni vizuri kuupima wakati wa kiangazi udongo ukiwa umekauka.

Kebo nayo ina adui wake, na Magamba adui huyo ni jembe. Shamba la kabichi na karoti hulimwa hadi mlangoni. Kebo ya kwenda getini ipite kando ya njia, si katikati ya matuta, iwe ya aina yenye nyaya za chuma za kinga, izikwe kina cha sentimita 60 hivi, ilazwe juu ya mchanga, na utepe wa tahadhari ulazwe juu yake kabla ya kumaliza kufukia. Kwa taa ndogo za njiani, volti 12 zinatosha kabisa, mradi transfoma ibaki ndani pakavu.

Tena taa itazame chini na iwe na mwanga wa manjano. Mwanga mweupe unaoelekezwa msituni huwakusanya nondo na wadudu wengine wa usiku, na jirani wa Magamba ni msitu wenye viumbe wasiopatikana kwingine duniani.

Mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wapo; mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Na kabla ya kulipa, mwombe fundi abonyeze mbele yako kitufe chenye herufi T kwenye RCD. Taa zisipozimika, kazi bado haijaisha.