Wageni Watatu Hewani, wa Nne Ana Mashine ya Kunyolea

Kinyozi mmoja wa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ana desturi yake. Benchi likijaa, huchomeka simu kwenye spika na kufungua "Dialogue entre Congolais", kipindi cha kila siku cha Radio Okapi ya Kongo, alichokipakua usiku wakati mtandao umepungua watu. Wageni wanabishana kwa Kifaransa, mashine inanguruma, na kila baada ya sentensi mbili tatu anaiinua kichwani mwa mteja ili atafsiri kwa Kiswahili. Nimekaa kwenye benchi lile mara nyingi kuliko nywele zangu zinavyohitaji. Nasikiliza jinsi wageni walivyopangwa.

Okapi ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, siku ileile Wakongo walipoanza mazungumzo yao ya amani kule Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilikuwa vipande: Kinshasa ya serikali, Goma ya waasi wa RCD, Gbadolite ya waasi wa Bemba. Mtu wa Goma hangeweza kupanda ndege akaketi studio ya Kinshasa, akamaliza kusema, akarudi kwake salama. Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi walifungua studio katika pande zote na kuziunganisha kwa setilaiti. Kila mgeni akabaki kwa watu wake, sauti zikakutana hewani.

Kazi ya namna hiyo ina ugumu wake. Mgeni aliye mbali haoni mkono wa mwongozaji ukimwambia afupishe, wala uso wa mpinzani ukikunjamana. Kinachoweza kumzuia ni sauti peke yake. Sikiliza vizuri: jina la mgeni hutangulia swali, ili wawili wasijibu pamoja na msikilizaji asipotee.

Mara nyingi mapishi ya kupanga wageni ni haya: mmoja wa serikali, mmoja wa upinzani, wa tatu kutoka asasi za kiraia au chuo kikuu. Wengi hudhani wawili wa kwanza ndio kipindi. Kwangu mimi, mzigo wote uko kwenye kiti cha tatu. Hao wawili wakishamaliza kutupiana lawama, huyo wa tatu ndiye anayeulizwa sheria inasema nini na hesabu imefikaje hapo. Akiwa mwoga au akiwa na chama chake mfukoni, kipindi kinabaki kijiwe cha wagomvi. Na kumpa kiti asiyetakiwa kuna gharama: Desemba 2012, baada ya kiongozi wa waasi wa M23 kuhojiwa, Okapi ilizimwa Kinshasa kwa siku kadhaa.

Uganda ilijaribu njia nyingine. Ekimeeza ya Radio One, iliyoanza mwaka 2000 katika baa moja ya Kampala, ilikuwa ya Jumamosi, na mgeni alikuwa yeyote aliyefika na kuomba zamu. Neno lenyewe ni meza yetu hiihii, imevaa kiambishi cha Kiganda. Redio CBS nayo ilikuwa na yake, ikaiita "Mambo Bado". Uhuru ulikuwa mkubwa, ila aliyejua kupanga foleni ndiye aliyesikika zaidi. Serikali ilivipiga marufuku vipindi hivyo Septemba 2009, baada ya ghasia za Kampala.

Njia zote mbili zina chujio ambalo halitajwi: lugha. Kifaransa cha Okapi huchagua wageni kabla mtayarishaji hajashika simu. Ukitega redio za mji wa Mbarara, hapa Uganda, unakuta Kinyankore, na chujio limegeuka upande mwingine. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipowagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi 3 na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao, mapishi ya kawaida yangeleta komanda wa kambi, mtu wa WFP na mwenyekiti wa baraza la wakimbizi (RWC). Watatu, wote wa ofisini. Mama aliyekuta jina lake kundi la tatu angeachiwa simu ya wasikilizaji, dakika moja, salio likiisha katikati. Mimi ningempa kiti, aanze yeye, kwa Kiswahili, na hao wengine wamjibu.

Juzi mgeni mmoja alizungumza kwa kirefu juu ya amani na wakimbizi. Kinyozi aliinua mashine: "Anasema turudi nyumbani."

"Lini?" akauliza mzee aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

Kinyozi akatega sikio kwenye spika. Mwongozaji alikuwa ameshataja jina la mgeni mwingine.