Maji ya Akiba au Maji Yaliyotuama? Lugha ya Elimu ya Mazingira na Maradhi huko Likoni

Makala haya yanakusudia kuichambua lugha inayotumika kuwafunza watu uhusiano wa mazingira na maradhi ya kuambukiza. Hatutashughulika sana na uundaji wa istilahi, maana wasomi wenzetu wameujadili mara nyingi. Tutaangalia zaidi jinsi istilahi zinavyotiwa katika sentensi, na ni nani anayefanywa mtenda katika sentensi hizo. Mfano wetu ni Likoni, na hasa mitaa iliyo nyuma ya Shelly Beach, ufuo ulio kusini mwa kivuko, ambako mwandishi wa makala haya amepata kukaa.

Msomaji asiyepajua mahali hapo yampasa kufahamu kwanza habari ya maji. Maji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Yakipungua huko, mfereji wa Likoni hukauka, na watu hununua maji kwa mtungi kutoka mkokotenini, wakayatia katika mapipa na ndoo. Huko ndiko anakozaliana mbu aitwaye Aedes aegypti, mwenezaji wa chikungunya na dengi.

Sasa tuitazame amri inayosikika katika kila kampeni ya afya: “Mwaga maji yaliyotuama.” Kitenzi “tuama” ni cha hali, hakina mtenda. Maji yaliyotuama ni yale yaliyotulia yenyewe, kama ya shimo la barabarani. Maji ya pipani hayakutuama kwa namna hiyo. Yamenunuliwa, yamebebwa, yamewekwa. Na aliyeyaweka huyaita akiba. Kwa bwana afya, maneno “maji yaliyotuama” yanakusanya dimbwi na pipa pamoja. Kwa mama wa Likoni, yanataja dimbwi tu. Asikiapo amri ile hutazama uani mwake, akaona hapana dimbwi, akajihesabu kuwa amekwisha kutii. Wala hakukosa kusikia. Amekisikia Kiswahili sawasawa. Na kama angeifahamu amri kama alivyoikusudia mwenye kuitoa, angekuwa anaambiwa amwage fedha zake.

Neno la pili linalopotosha ni “usafi”. Mbu huyu hapendelei maji machafu ya mtaroni. Hutaga katika maji masafi ya vyombo, na vilevile katika vifuu vya nazi na magurudumu makuukuu yaliyokingama mvua. Tena huuma mchana. Kwa hiyo nasaha ya kulala ndani ya chandarua, ambayo ina manufaa makubwa dhidi ya malaria, haimkingi anayefua nguo uani saa nne asubuhi. Lakini katika vitabu vyetu “usafi wa mazingira” umekuwa kama jina moja lisilotenganishika, hata mwanafunzi hudhani kwamba mazingira ni jambo la kufagiwa. Mtaala mpya wa shule za msingi nchini Kenya, katika umbo lake la kwanza la 2017, uliyaweka mazingira na usafi katika masomo mawili mbalimbali kwa watoto wadogo. Kisha mwalimu akatarajiwa ayaunganishe kwa nguvu zake mwenyewe.

Ubaya wa lugha hii waonekana tukikumbuka mwaka 2004. Mwaka huo pwani yetu ilipatwa na ukame. Chikungunya ilishika Lamu katikati ya mwaka, na ilipopimwa damu za wakazi ilionekana kwamba robo tatu yao hivi walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ilifika Mombasa. Mwaka 2005 ilikuwa Komoro, kisha Réunion, ambako theluthi moja hivi ya watu waliugua hadi kufikia 2006, na mwaka huohuo ikaenea sana Bara Hindi. Watafiti waliouchunguza ukame ule walieleza kwamba huenda uhaba wa maji uliwafanya watu waweke akiba nyingi zaidi, na akiba ikawa makao ya mbu. Mombasa ilirudiwa na maradhi hayo mwishoni mwa 2017.

Huu ndio uhusiano wa hali ya hewa, maji na maradhi, nao ni kisa chenye mwanzo na kufuatana. Lakini sisi twasema “mlipuko wa chikungunya”. Kitu kilicholipuka hakina historia. Kilikuwapo kimya, kikapasuka. Neno hili limefuata Kiingereza hatua kwa hatua, na limekifukuza kitenzi chetu “kuzuka”, ambacho angalau hutufanya tuulize: kimezuka wapi?

Wako watakaotushauri turudi kwenye majina ya zamani. Ni kweli kwamba majina hayo yamesafiri mbali. “Chikungunya” ni neno la Kimakonde lenye maana ya kupindika, lililochukuliwa na matabibu katika Tanganyika ya 1952 na 1953. “Dengi” yenyewe husemwa na wengi kuwa imetokana na “kidinga pepo”, ambayo daktari James Christie aliiandikia habari akiwa Unguja katika miaka ya 1870. Ingawa baadaye, mwaka 1971, Donald Carey alitoa hoja kwamba maradhi yale ya Unguja huenda yalikuwa chikungunya. Lakini jina moja laeleza mwili tu, na la pili lamsingizia pepo. Tena pepo huyo amegeuka popo katika kamusi: “kidingapopo”. Tangu Korona mwanafunzi akilisoma hutaka kujua popo ameingiaje humo, wala si kosa lake.

Jambo lisilotajwa katika jina lolote ni kwamba uwanda wa Makonde hauna maji juu yake. Watu waliyateremkia mabondeni, wakayahifadhi majumbani mwao. Likoni na Newala zimekutana katika chombo cha maji.

Kuhusu “afya ya sayari”, tafsiri ya wazo lililopata nguvu baada ya ripoti ya tume ya jarida la Lancet na wakfu wa Rockefeller ya 2015, twasema kwa ufupi. Sayari kwa Mswahili ni ile aionayo angani usiku. Yeye mwenyewe hukaa duniani. “Afya ya dunia” ingemfikia upesi zaidi. Hata hivyo hatuoni kwamba kubadili neno moja kutatosha, kwa sababu upungufu uko katika sentensi: amri ni nyingi, na “kwa kuwa” ni chache mno.

Tulipowapa wanafunzi wetu kazi ya kuiandika upya amri ile, walileta hii: “Kwa kuwa mvua imekosa na mfereji hautoi maji, tunaweka akiba pipani, mbu aumaye mchana hutaga katika maji hayo masafi, basi pipa lifunikwe, na kila juma lisuguliwe ndani kabla ya kujazwa tena.” Mmoja wao alilalamika kwamba sentensi ni ndefu mno kwa ubao wa matangazo. Mwenzake, mzaliwa wa Likoni, akauliza kwa nini ubao hauelezi pia ni lini mfereji utatoa maji.