Umiliki Kwanza, Ruhusa Baadaye

Seva ikifa na kufufuliwa kutoka kwenye bakapu, wengi huhesabu mafaili: yote yapo, ukubwa ni uleule, basi, kazi imekwisha. Fundi ninayemvulia kofia hahesabu. Anaandika ls -l, kisha anasoma polepole safu za kushoto, ambazo wengine huziruka.

Hizo ndizo zinazoeleza faili ni la nani, ni la kundi gani, na nani anaruhusiwa kulisoma, kuliandika au kuliendesha. Maelezo hayo hayakai ndani ya faili lenyewe. Mfumo huyatunza pembeni, ndiyo maana hupotea kirahisi. Hamishia mafaili ya Linux kwenye flashi ya FAT32 kisha uyarudishe, uone. Maandishi yatarudi yote, lakini sudo itagoma kwa kuwa imepoteza alama ya setuid, ile inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake, na ssh itaukataa ufunguo wako wa siri kwa sababu sasa kila mtumiaji wa mashine anaweza kuusoma. Na ina haki kuukataa.

Kuna tabaka la chini zaidi: sifa za ziada zinazobandikwa kwenye faili. Humo hukaa lebo za SELinux, na humo hukaa ile idhini ndogo ambayo katika mifumo kadhaa huiwezesha ping kutuma pakiti zake bila kupewa mamlaka yote ya root. Rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, ina swichi ya -a inayoaminiwa kupita kiasi. Watu hudhani inabeba kila kitu, kumbe sifa za ziada zinataka -X, na orodha za ruhusa za ziada zinataka -A. Tar ya GNU ni ya hila zaidi: hata ukiipa --xattrs, wakati wa kufungua hurudisha zile zinazoanza na user tu, hadi uiambie --xattrs-include='*'. Uamuzi huo una sababu za kiusalama, nakubali, ila umeshawaponza wengi.

Lakini uhodari wenyewe uko kwenye mpangilio. Faili la programu likibadilishwa mmiliki, Linux huifuta setuid yake pamoja na zile idhini ndogo, hata anayebadilisha akiwa root. Ni busara: programu isiingie mikononi mwa mtu mwingine ikiwa na mamlaka yaleyale. Kwa hiyo anayerejesha huweka umiliki kwanza, ruhusa zifuate, na idhini zije mwisho. Ukipindua, amri zote zitapita bila kosa hata moja, na matokeo yatakuwa mabovu.

Folda nazo zina adabu yake. Ukiifunga folda isiandikwe kabla ya kuijaza, mtumiaji wa kawaida hataweza kuweka faili ndani yake. Ukiipa tarehe yake ya zamani mapema, kila faili linaloingia litaibadilisha. Tar huahirisha hayo hadi yaliyomo yamalizike, kama fundi anayesakafia chumba akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Hili hutendeka bila wewe kuomba, na sijui mtumiaji mmoja kati ya wangapi ameligundua.

Halafu kuna majina. Ukirejesha ukiwa umewasha mashine kwa flashi ya uokoaji, tar ikiendeshwa na root hutazama kwanza jina la mmiliki, na jina hilohilo huenda lina namba nyingine kwenye flashi. Mafaili ya hifadhidata yanaangukia kwa mgeni. Dawa ni --numeric-owner, namba ibaki namba.

Yule fundi humalizia kwa getfacl -R na getcap -r, akilinganisha na orodha alizohifadhi seva ikiwa bado nzima. Ctime, yaani saa ya badiliko la mwisho la faili au maelezo yake, haigusi: saa hiyo huandikwa na kerneli yenyewe, na hakuna swichi ya kuirudisha.