Betri ya Gari Ndani ya Nyumba: Uamuzi Unaoua Mifumo ya Sola

Katika ufungaji wa umeme wa jua majumbani nchini Kenya, hakuna uamuzi unaopoteza fedha za mwenye nyumba kama ule wa kuweka betri ya gari mahali pa betri ya sola, na ingawa mafundi wengi huutetea kwa hoja ya bei, ni uamuzi mbaya tangu siku ya kwanza. Mara nyingi paneli hukazwa vizuri juu ya bati na nyaya huwa za unene unaofaa; kosa huwa kwenye betri.

Betri ya gari ilibuniwa kwa kazi moja, yaani kutoa mkondo wa mamia ya ampea kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha kujazwa tena na altaneta gari linapotembea, na kwa sababu hiyo bamba zake za risasi ni nyingi na nyembamba. Nyumba huidai kinyume chake: mkondo mdogo, usiku kucha, hadi betri ikaribie kuisha. Inaposhushwa hivyo kila siku, salfeti ya risasi, ambayo ni chumvi inayojengeka kwenye bamba betri inapotoa umeme, hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena wakati wa kuchaji, huku unga wa bamba ukidondoka chini ya chombo na uwezo wa betri ukipungua bila kurudi. Betri ya sola ina bamba nene zinazostahimili kushushwa na kujazwa mara nyingi, na hata hivyo, ile ya risasi haifai kushushwa kila siku chini ya nusu ya uwezo wake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, jambo linalofanya kosa hili lisisameheke. Wati-saa ni wati za kifaa zikizidishwa kwa saa za matumizi. Taa 6 za wati 7 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 210, televisheni ya wati 60 kwa muda huohuo hutumia 300, na friji inayokula wati-saa 1,000 kwa siku huchukua takriban 500 usiku, jumla 1,010. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 tu, kwa hiyo usiku mmoja huikamua zaidi ya asilimia 80, kabla hata ya kuhesabu umeme unaopotea ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa mkondo geu unaotumiwa na vyombo vya nyumbani. Nyumba hiyo inahitaji betri za sola za ampea-saa zisizopungua 200, au betri ya lithiamu, ambayo ni ghali zaidi dukani lakini huvumilia kushushwa kwa kina zaidi.

Kisha hufuata kosa linalozaliwa na la kwanza. Taa zinapoanza kuzimika mapema, fundi huitwa, naye huunganisha vifaa moja kwa moja kwenye betri na kuiruka kontrola ya chaji, ambayo kazi yake mojawapo ni kukata umeme volti zinaposhuka mno. Kwa kufanya hivyo huondoa ulinzi pekee uliobaki.

Wakati huohuo, mabishano marefu hufanywa kuhusu upande wa kuelekeza paneli, ilhali Kisumu na Nanyuki ziko karibu kabisa na ikweta, ambapo mwinamo wa digrii 10 hadi 15 unatosha, hasa ili mvua ioshe vumbi. Kivuli cha mti au tangi kina madhara makubwa kuliko mwelekeo wa paneli.

Nidhamu ya kuhesabu wati si ngeni Kenya: mwaka 1984, Wamarekani Harold Burris na Mark Hankins walifunga umeme wa jua katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, eneo la Meru, na kazi yao ikaendelea hadi kufundisha mafundi wa Kenya. Paneli za wakati ule zilikuwa ghali mno kiasi kwamba kila wati ilihesabiwa. Bei imeshuka, na pamoja nayo nidhamu ya kuhesabu.

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu mifumo ya umeme wa jua zilimtaka fundi awe na leseni. Mwenye nyumba na aidai leseni hiyo, pamoja na hesabu ya wati-saa iliyoandikwa na aina ya betri iliyotajwa wazi, kabla ya kulipa hata malipo ya awali.