Mwenye Taabu na Hukumu ya Haraka

Kitabu cha Kusadikika, alichokitunga Shaaban Robert na kilichopigwa chapa mwaka 1951, si kigeni kwa waliojifunza Kiswahili. Tumekisoma tena hapa Bunia, nacho kimetuchoma.

Habari yake ni hii. Karama alishtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria. Alijitetea siku sita, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, waitafutie nchi yao mema. Kila mmoja alirudi na jambo la kufaa, na kila mmoja akatiwa kifungoni. Wenye kuhitaji dawa walimfunga mwenye kuileta!

Je, hayo ni ya kitabuni tu? Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, kisha ikaingia Ituri yetu. Wengi wetu tulihukumu kabla ya kuuliza. Tulisema waganga ndio walioileta, wapate fedha. Novemba 2019, huko Lwemba, mtangazaji wa redio aliyekuwa akiwaelimisha watu juu ya ugonjwa huo aliuawa nyumbani kwake. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Basi kitabu kimesema kweli. Lakini twaona kasoro moja. Mtungaji amewapa watu wake majina yenye kuhukumu: mshtaki ni Majivuno, mshtakiwa ni Karama. Msomaji ajua mapema nani wa kulaumiwa, wala hana haja ya kumwuliza Majivuno ana uchungu gani moyoni.

Hapa kwetu hakuna aliyeandikwa jina usoni. Huenda aliyewafukuza wauguzi mlangoni ni mtu aliyezika wanawe katika vita vya mwaka 1999 hata 2003, asione gari lolote la kumwokoa. Magari yalipokuja kwa wingi kwa ajili ya Ebola, akauliza: Mbona leo? Swali lake lilikuwa la haki. Hukumu yake ndiyo iliyokosea. Mwenye kidonda hupiga kila mkono unaomgusa, hata ukiwa mkono wa mganga. Nasi tuliomwita mjinga hatukumwuliza neno. Tulihukumu upesi kama yeye.

Hata hivyo kitabu chafaa sana kusomwa, maana mwisho wake ni mwema: mfalme alimsikiliza Karama mpaka akamaliza, ndipo akamwachilia, yeye na wale wajumbe. Hukumu ya haki ilipatikana kwa kuwa mtu mmoja alipewa nafasi ya kusema.

Basi, tukikifunga kitabu hiki, kila mmoja wetu amkumbuke jirani aliyekwisha kumhukumu. Hatuwezi kumpa siku sita. Tumpe saa moja.