Ajali Haina Kinga: Uhakiki wa Kamera ya Mtu Anayeponyokwa na Vitu

Utangulizi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Darasani tumezoea kuifafanua methali hii kwa upande mmoja: mtu hodari hufanya kazi kwa chombo chochote, na anayebagua zana anatafuta kisingizio. Katika makala haya napingana nayo kidogo. Mimi ni mtu ambaye vitu humponyoka: vikombe, funguo, miwani, na kwa bahati mbaya zaidi, kamera. Kwa mtu wa aina yangu, kuchagua jembe ni sehemu ya kilimo chenyewe.

Nianze na neno. Kiswahili kina neno "mzembe", nami nimeitwa hivyo mara nyingi hapa Nyakabiga, nyumbani na hata njiani kuelekea chuoni. Lakini mzembe ni mtu asiyejali. Mimi najali sana. Ni mikono tu isiyotii. Tofauti hii si ndogo. Ukimwita mtu mzembe, dawa yake ni karipio. Ukisema kwamba vitu vinamponyoka, dawa yake inaweza kuwa kamba. Nitarudi kwenye kamba hiyo baadaye.

Swali langu ni hili: kamera ipi inamfaa mtu kama huyu kwa matumizi ya kila siku? Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefundishwa kuhakiki kazi kwa kutazama fani na maudhui. Nitatumia vigezo hivyohivyo. Fani ya kamera ni umbo lake: bodi, lenzi, milango, ukanda. Maudhui yake ni picha zilizomo. Dai langu ni kwamba wanaouza kamera zinazoitwa ngumu huhakiki fani peke yake, na sisi wanunuzi huwafuata bila kuuliza maudhui yatalindwa na nani.

Visa viwili

Nilipoanza kukusanya maandishi ya kanga kwa ajili ya kazi yangu ya utafiti, nilikwenda kwa bibi yangu Buyenzi. Sanduku lake lilikuwa na kanga za miaka mingi, na kila moja alijua aliinunua lini na kumjibu nani. Siku ya kwanza niliazima kamera ndogo ya binamu yangu, ya aina ile ambayo lenzi yake hutoka nje ukiiwasha. Nilipiga kanga zote. Nilipotaka kumpiga bibi mwenyewe alikataa.

"Leo sijavaa vizuri, mjukuu wangu. Utanipiga siku nyingine."

Jioni, nikiwa napanda ngazi za nyumbani, kamera ilinitoka mkononi ikiwa bado inawaka. Lenzi ilipinda, ikagoma kuingia wala kutoka. Fundi aliitazama akatikisa kichwa. Binamu yangu nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa.

Siku nyingine ilifika. Bibi alivaa kanga aliyoipenda kuliko zote, akakaa kwenye mkeka uani, akanitazama bila haya. Safari hii nilitumia simu. Nilipiga picha nyingi, naye kila mara akidai nimwoneshe. Wiki iyo hiyo mvua kubwa ilinyesha, na nilipokuwa naruka mfereji simu iliteleza kutoka mfukoni ikaingia majini. Niliitoa upesi. Kioo hakikuwa na ufa hata mmoja. Simu iliwaka, lakini ikagandia pale kwenye nembo. Fundi mmoja aliifufua kwa kufuta kila kitu kilichokuwamo. Aliponirudishia alikuwa na furaha: "Umeona? Imepona." Na kweli ilikuwa imepona. Niliitumia mwaka mzima baada ya hapo.

Bibi alifariki kabla sijaenda mara ya tatu.

Sasa tazama mizani ilivyokaa. Kamera iliyovunjika ilikuwa na kadi ndani yake, nami niliichomoa kadi hiyo nikaiweka kwenye kompyuta: picha zote za kanga zipo, hata moja haikupotea. Simu iliyopona ilipoteza kila kitu. Katika kisa cha kwanza fani ilikufa, maudhui yakabaki. Katika cha pili fani ilibaki, maudhui yakafa. Tangu siku hiyo siwezi tena kusoma neno "imara" kwenye boksi la kamera bila kuuliza: ni nini hasa kinachodumu?

Fani: ugumu wa kwenye karatasi

Kwa haki, tuanze kwa kuwasikiliza watengenezaji. Kamera mbili husifiwa mara kwa mara katika kundi hili. Ya kwanza ni Nikon Coolpix W300 ya mwaka 2017. Inaelezwa kwamba inaweza kuzama mita 30 na kuanguka kutoka mita 2.4. Ya pili ni Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019: maji mita 15, kuanguka mita 2.1, na kukandamizwa kwa uzito wa kilo 100. Zote mbili lenzi zake hazitoki nje. Hujivuta ndani kwa ndani, nyuma ya kioo. Kwa mtu aliyewahi kuua lenzi kwenye ngazi, sifa hii peke yake inatosha kumfanya asikilize.

Lakini mhakiki husoma na maandishi madogo. Nikon yenyewe inaeleza kwamba jaribio la kuanguka lilifanywa kwa kuidondosha kamera juu ya ubao wa plaiwudi wenye unene wa sentimita 5, na kwamba jaribio hilo si ahadi ya kutoharibika. Nimetembea Nyakabiga yote, ya kwanza, ya pili na ya tatu, sijakuta mahali palipotandikwa plaiwudi. Sisi tunaangusha vitu juu ya saruji, mawe na changarawe. Mita 2.4 za maabara si mita 2.4 za ngazi za nyumbani kwetu.

Kuhusu maji, jambo linalonishangaza ni jingine. Kamera hizi huzuia maji kwa mipira myembamba iliyo kwenye milango ya betri na kadi. Chembe moja ya mchanga, au unywele, ikikaa juu ya mpira, maji yatapita. Mlango usipofungwa hadi mwisho, maji yatapita. Watengenezaji hushauri mipira hiyo ibadilishwe kila mwaka. Hapa ndipo kejeli ilipo: kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya asiye mwangalifu humtaka mmiliki wake awe mwangalifu kuliko watu wote. Na anayenunua iliyokwishatumika, kama wengi wetu tutakavyofanya, hajui mipira ilibadilishwa lini. Ushauri wangu ni kwamba kamera ya mtumba ya aina hii ihesabiwe kuwa inavumilia kuanguka na kunyeshewa, lakini isipelekwe kuogelea Ziwa Tanganyika ili kuipima.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili, nachagua TG-6, ingawa inashindwa kwa kina na kwa urefu. Lenzi yake hupokea mwanga mwingi zaidi, na katika vyumba vyetu, hasa umeme unapokatika na mtu akabaki na mwanga wa dirishani, hilo lina uzito kuliko mita 15 za ziada chini ya maji. Pia inaweza kusogezwa hadi sentimita 1 kutoka kwenye kitu. Kwa anayesoma maandishi ya kanga iliyochakaa, ambapo herufi imebaki uzi mmoja, hicho ni kigezo cha kweli. Ubora wa chombo hupimwa kwa kazi inayokisubiri.

Wapo wanaosema turudi kwenye kamera za chuma za zamani. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni mfano mzuri: hufanya kazi hata bila betri, kwani betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Naiheshimu. Lakini filamu na mahali pa kuisafishia ni shida kupata mtaani kwetu, na mtu wa aina yangu akifungua mlango wa nyuma kwa bahati mbaya kabla filamu haijarudishwa, mwanga utakula picha. Chuma hakitamsaidia.

Maudhui: kinachopaswa kudumu

Mwenzangu mmoja, baada ya kusoma rasimu ya makala haya, aliniambia: "Badala ya kuandika kurasa zote hizi, jifunze kushika vitu." Ni hoja inayostahili jibu. Nalijibu kwa mfano wa Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono. Baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini akiwa na mkono bandia wa umeme. Silinganishi msiba wake na vikombe vyangu. Ninachojifunza kwake ni kwamba hakusubiri kupata tena mkono wa zamani ndipo afanye kazi. Alipanga vyombo upya kuufuata mwili alionao. Nami mikono yangu ndiyo hii.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni ile kamba niliyoiahidi. Ukanda wa mkononi, unaopita kwenye kifundo na kukazwa, huzuia kuanguka kwingi kuliko mpira wowote wa maabara, na hata mshonaji wa mtaani anaweza kuushona. Cha pili ni kadi inayochomoka. Chombo kinachofungia picha ndani ya tumbo lake hufa nazo. Cha tatu ni kutenganisha hatari: simu ina pesa zetu za Lumicash, namba za ndugu na masomo yetu, ikiporomoka, kila kitu kinaporomoka nayo. Kamera ndogo iliyo peke yake ikivunjika, umepoteza kamera. Cha nne si kifaa bali ni tabia: picha haijapigwa hadi iwe mahali pawili. Siku hiyohiyo, kabla ya kula. Ningekuwa na tabia hiyo kabla ya mvua ile, simu ingekufa tu, na bibi angekuwa bado amekaa kwenye mkeka wake.

Hitimisho

Nimesema kwamba TG-6 inaishinda W300 kwa kazi yetu, na nasimamia hukumu hiyo. Lakini mwanafunzi asiyeweza kuinunua asidhani amekosa jambo kuu. Kamera yoyote ya kawaida yenye kadi, ikifungwa ukanda na kuhamishwa picha kila jioni, italinda maudhui kuliko kamera ngumu ya mtu anayeamini boksi. Ajali haina kinga, walisema wahenga, na hapa sipingani nao. Kamera yangu itaanguka tena, hilo nalijua. Ninachoweza kuchagua ni kitakachobaki baada ya kuanguka.

Zile picha za kanga bado ninazo, na ndizo msingi wa kazi yangu ya mwisho. Katika moja, pembeni kabisa, mkono umeshika pindo la kitambaa ili kiandikwacho kisomeke. Kucha zina hina iliyofifia. Siku ile niliiona picha hiyo kuwa na kasoro, nikafikiria kuikata upande. Sikuikata.