Ukili Unasubiri

Wanaofundisha kutafakari wana vitabu vizuri na sauti za upole, lakini wengi wao huzungumza kana kwamba nyumbani hakuna mtoto. Tafuta mahali patulivu, wanasema. Keti, fumba macho, ifuate pumzi yako inavyoingia na kutoka. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo yake ya wiki 8 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, aliwataka wanafunzi wafanye mazoezi ya dakika 45 kwa siku. Dakika 45! Mzazi mwenye watoto watatu na sufuria ya maharagwe jikoni hapati hata dakika tano kabla hajaitwa. Kwa kumtendea haki, bwana huyo alikuwa baba pia, na mwaka 1997 yeye na mkewe Myla walitoa kitabu kizima kuhusu kulea watoto kwa utulivu. Hata hivyo, picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya mtu aliyekaa peke yake chumbani, mlango umefungwa.

Mimi picha yangu ni nyingine. Ni ya mwanamke wa Pemba, au wa Pate, au wa Rufiji, amekaa uani alasiri, anasuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa baadaye uwe mkeka, na mlango uko wazi.

Kazi yenyewe huanza mbali na nyumba. Mkindu humea wenyewe mabondeni na kandokando ya mito, na makuti yanayofaa kwa mikeka mizuri ni yale machanga ya katikati, kabla hayajachanua. Huanikwa juani mpaka yawe meupe. Yale yanayotakiwa yawe na rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga: nyekundu, kijani, zambarau. Kisha huchanwa kwa ukucha au kwa kisu kidogo, uti ukitolewa, zikapatikana chane nyembamba za upana mmoja. Kabla ya kusuka lazima zilowanishwe, maana chane kavu huvunjika, na isipovunjika hukata vidole.

Mtazame sasa msukaji aliyezoea. Amenyoosha miguu, mgongo ameuegemeza ukutani, bakuli la maji liko kando. Mkono wa kushoto umeshika ukili, dole gumba limekandamiza pale chane zinapopishana. Wa kulia unaichukua chane ya ukingoni, unaipitisha juu, chini, juu, chini, unaikaza, unaikunja na kuirudisha ilikotoka. Chane ikikaribia kwisha, nyingine inapachikwa juu yake, na ncha inaachwa ining'inie, itakatwa baadaye. Macho yake hayapo hata kwenye ukili. Yako kwa mtoto wa miaka miwili anayelinyemelea lile bakuli.

Bakuli linamwagika, kama ilivyotarajiwa. Mtoto anateleza, analia. Ukili unawekwa chini, mtoto anabebwa, anafutwa, anabembelezwa, anapewa kipande cha muhogo. Jirani naye anabisha hodi, anaomba chumvi. Pakitulia, mwanamke anaketi tena, anaupapasa ukili kwa dole gumba, anajua papo hapo alipoishia. Chane zilizokazwa vizuri hazifumuki kwa kuachwa. Juu, chini, juu, chini.

Hapo ndipo ninapoisifu kazi hii kuliko kazi nyingine nyingi za mikono. Mandazi yaliyo kwenye mafuta hayasubiri. Cherehani na mtoto mchanga havipatani. Kitabu nacho, ukikatizwa mara nne katika ukurasa mmoja, unakifunga kwa hasira. Ukili umezoea kuachwa. Walimu wa kutafakari wenyewe wanakubali kwamba akili ya mtu lazima itangetange, na kwamba zoezi hasa liko katika kuirudisha, bila kujilaumu, kila inapotoroka. Basi ni nani aliyezoezwa kurudi kuliko mzazi huyu, ambaye kwa siku moja ameuacha ukili na kuurudia mpaka hesabu imempotea?

Mwendo huo wa kurudiarudia una kazi yake mwilini pia. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake kuhusu watu 23 wenye afya njema, waliosali rozari kwa Kilatini na kukariri maneno ya kiyoga. Katika hali zote mbili pumzi zao zilipungua hadi kama mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaufuata mwendo huo kwa namna ambayo madaktari huihesabu kuwa dalili njema. Wenye tasbihi mikononi hawatashangaa. Subhanallah mara 33, Alhamdulillahi mara 33, Allahu Akbar mara 34, na aliyeanza akihema anamaliza akipumua. Ukili haukupimwa katika utafiti huo, wala sitadai kwamba ulipimwa. Lakini kaa karibu na msukaji anayeimba kasida kwa sauti ya chini huku mkono ukienda, kisha usikilize anavyovuta pumzi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu hulijua akiwa ameshika chane mwenyewe. Mkono wenye hasira hukaza mno. Ukili ukikazwa upande mmoja kuliko mwingine huanza kupinda, na uliopinda utakusumbua siku ya kushona mkeka, kwa sababu kingo hazitalala pamoja. Kwa hiyo msukaji hulazimika kuusikiliza mkono wake. Amegombana na kijana wake aliyerudi na matokeo mabaya ya mtihani, ameketi kusuka, na baada ya shibiri moja ukili unamwambia bado umekasirika, bibi. Analegeza. Akilegeza vidole, mabega nayo hushuka. Pengine lile karipio la pili, ambalo ndilo lingeumiza, halitoki tena.

Wala hasuki peke yake. Baada ya alasiri, vyombo vikishaoshwa, wanawake hukutana kwenye baraza ya mmoja wao, kila mtu na ukili wake. Hapo ndipo mwenye mtoto asiyelala usiku husikia kwamba hata wa fulani alikuwa hivyo, na leo ni baharia. Wanaume nao wana yao: huko Lamu si ajabu kumkuta baba barazani akishona kofia, na mvuvi anayetengeneza nyavu zake chini ya mti hufaidi utulivu uleule, hata kama ukimwuliza atakwambia anatengeneza nyavu tu.

Nisiipambe kazi hii kupita kiasi. Mkeka mmoja hula wiki nyingi, na bei yake sokoni haishindani na mkeka wa plastiki. Anayesuka usiku wa manane ili apate ada ya mtoto hastarehe. Anafanya kazi, na mgongo unamuuma. Na mama aliyejifungua, akawa halii wala hacheki, hataki hata kumtazama mwanawe, huyo asipewe chane. Apelekwe hospitali.

Ninachokisema kinamhusu yule mwingine, tulio wengi: mzazi asiyeumwa, aliyechoka tu, anayesubiri siku nyumba itakapokuwa kimya ndipo aitulize roho yake. Siku hiyo iko mbali, na ikifika watoto watakuwa wameshahamia kwao. Basi usiisubiri. Fungu la ukindu uliokwisha kutiwa rangi unaweza kulipata sokoni katika miji mingi ya pwani. Mtafute bibi, shangazi au jirani akuanzishie, kwa kuwa mwanzo ndio mgumu. Mkono ukishaujua mwendo, yaliyobaki ni kuendelea. Usianze kwa kuwazia mkeka mzima. Suka ukili mwembamba, upinde ukipinda, uufumue, uanze tena. Simu iweke chumba kingine. Na mtoto akija kuuvuta, mpe chane zake mbili tatu avurugie. Zitakazoharibika hazina gharama kubwa.